Grenada kwa siku saba: lala wapi, pita wapi, na wapi pa kwenda asubuhi na kurudi jioni

Ukiitazama Grenada, nchi ya visiwa huko Karibi, kwenye ramani utadhani ni nchi ya kumaliza kwa siku mbili. Kisiwa kikubwa kina urefu wa kilomita 34 hivi na upana wa 19, na ukijumlisha visiwa vidogo vya Carriacou na Petite Martinique nchi nzima ni kilomita za mraba 344. Pemba peke yake ni zaidi ya mara mbili yake. Lakini barabara zinapanda milima kona baada ya kona. Kutoka uwanja wa ndege, ulioko ncha ya kusini, hadi Sauteurs, mji wa kaskazini kabisa, tenga saa moja na nusu. Anayelipia hoteli ya kusini kwa siku zote saba hujikuta likizo imeishia ndani ya gari. Ushauri wetu ni kugawa malazi: usiku tatu kusini (mmoja wao uwe wa mwisho kabla ya ndege), mbili kaskazini, mbili Carriacou.

Kabla ya mji, chagua njia. Kuna ndege za moja kwa moja kutoka Miami, New York, Toronto na London. Mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki ajue kwamba Marekani hakuna kubadilisha ndege bila kuingia nchini: hata ukikaa Miami saa mbili tu, unahitaji viza. Anayetokea Ulaya au Ghuba akipitia London aangalie viza ya kupitia Uingereza, hasa kama anashukia Heathrow na ndege ya pili inaondokea Gatwick, maana hapo anavuka mpaka. Masharti ya kuingia Grenada yenyewe hutofautiana kwa pasipoti. Yathibitishe kabla ya kulipa tiketi. Na hili tunalisema kwa msisitizo: kama ombi lako la makazi ya kudumu Marekani bado linashughulikiwa, usitoke bila kibali cha kusafiri mkononi, kwani ombi linaweza kuhesabiwa limeachwa. Kama ulikuwa nyumbani karibuni, beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa.

Kusini ni mahali pa kuanzia. Ufukwe wa Grand Anse una mchanga mweupe wa karibu kilomita tatu na bahari tulivu, kwa hiyo wenye watoto wakae hapo. Basi namba 1 linaunganisha Grand Anse na St. George's, mji mkuu. Mabasi haya ni yale yale ya daladala na matatu: dogo, limejaa, muziki juu, konda mlangoni. Ukitaka kushuka, gonga bati kwa vifundo vya vidole. Usiku huadimika, na Jumapili karibu yasimame kabisa. Hiyo iwe siku ya ufukweni.

St. George's inatosha kwa siku moja, tena ya kutembea kwa miguu. Anzia Carenage, bandari iliyojipinda kama kwato ya farasi, upite Sendall, njia ya chini ya mlima iliyochimbwa miaka ya 1890, utokee upande wa soko. Ndani yake magari na waenda kwa miguu wanabanana, kwa hiyo mshike mtoto mkono. Kisha panda Fort George. Hapo ndipo Waziri Mkuu Maurice Bishop aliuawa tarehe 19 Oktoba 1983, siku sita kabla ya majeshi ya Marekani kuivamia nchi. Kati ya Novemba na Aprili meli za watalii hutia nanga, na mji ukajaa asubuhi hiyo hiyo. Uliza mwenyeji wako siku za meli na uzikwepe.

Gouyave, kwenye pwani ya magharibi, ni mji wa wavuvi na wa kungumanga. Mtu wa Unguja atajihisi nyumbani. Tunda likiiva hupasuka lenyewe, na ndani unaiona basibasi nyekundu imeikumbatia kokwa kama wavu. Kwenye kituo cha kusindika, kungumanga hutiwa majini: zinazozama ndizo nzuri, zinazoelea hushushwa daraja. Zao hili lilifika mwaka 1843 na limo hata kwenye bendera ya taifa, ila kimbunga Ivan cha Septemba 2004 kiliangusha sehemu kubwa ya mikungumanga, na mti huu huchukua miaka mingi kuzaa tena. Nenda Gouyave Ijumaa mchana, uone kituo, kisha ubaki jioni kwa samaki wa kuchoma barabarani. Kulala hapo si lazima.

Kaskazini ndiko tunakokupenda kuliko kote, na ndiko wageni wengi hawafiki. Sauteurs kuna jabali ambalo mwaka 1651 Wakalinago, wenyeji wa asili wa kisiwa, walijirusha baharini kuliko kushikwa na Wafaransa. Jirani yake, ufukwe wa Bathway una ukuta wa mwamba unaokata mawimbi. Ogelea ndani ya ukuta tu, kwa kuwa nje yake mkondo ni mkali. Levera, mbele kidogo, kasa wakubwa wa ngozi hupanda kutaga kati ya Machi na Agosti; usiku hairuhusiwi kwenda bila kiongozi mwenye kibali. Shamba la Belmont hukausha kakao juani, na wafanyakazi huigeuza kwa kuburuza miguu katikati ya mbegu. Hufungwa Jumamosi. Kiwanda cha River Antoine kimekuwa kikisaga miwa kwa gurudumu la maji tangu 1785; ramu yake yenye kilevi cha zaidi ya asilimia 70 hairuhusiwi ndani ya ndege, basi usiinunue kuwa zawadi.

Grenville, mji wa pili kwa ukubwa, ni wa kupita tu Jumamosi, siku ya soko. Rudi kusini kwa barabara ya Grand Etang, inayopita kando ya ziwa lililo kwenye kreta ya volkano. Huko juu mvua na ubaridi ni kawaida hata kama pwani kuna jua.

Carriacou unafika kwa boti kutoka Carenage, kwa muda wa saa mbili hivi. Ukishaacha kivuli cha kisiwa bahari huchafuka, kwa hiyo dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya kupanda. Kimbunga Beryl kilipiga hapa tarehe 1 Julai 2024 na kuharibu karibu kila jengo, basi kabla ya kutuma malipo ya awali muulize mwenye nyumba kuhusu paa, maji na umeme. Ukiwa kijiji cha Windward utaona ufundi wa mashua za mbao ambao anayejua jahazi ataufurahia. Ngoma yao kuu, Big Drum, bado huwataja wahenga kwa mataifa yao ya Afrika, na Kongo ni mojawapo. Rudi kisiwa kikubwa siku moja kabla ya ndege yako, usivuke siku hiyo hiyo.

Chakula cha taifa, oil down, ni shelisheli, majani ya magimbi na manjano vilivyopikwa kwa tui hadi likauke. Waislamu waulize kwanza, maana nyama ya chumvi ndani yake mara nyingi ni mkia wa nguruwe.

Ukitajiwa bei, uliza ni dola ipi. Dola 2.70 za Karibi Mashariki ni sawa na moja ya Marekani, kwa hiyo teksi ya "dola 50" ni kama 18.50 za Marekani au 50 kamili. Magari hupita kushoto, na soketi ni za pini tatu bapa kama za nyumbani. Kikausha nywele cha Marekani kitaungua. Nguo za madoadoa ya kijeshi ni marufuku kwa raia, hata kwa mtoto. Miezi mikavu ni Januari hadi Mei. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba, na ukisafiri wakati huo nunua tiketi inayobadilika tarehe.