Somo: Kitendawili kimoja, darasa zima masikio wazi

Mwalimu akiuliza "Mmeelewa?" na darasa likaitika "Ndiyooo!", hapo hakuna aliyezungumza wala aliyesikiliza. Kitendawili hakikubali itikio la namna hiyo, ndiyo maana naanza nacho kwa darasa la kwanza na la pili. Nyumbani kinafaa wakati wa kuchambua mchicha.

Hatua ya 1. Sema "Kitendawili!" usubiri "Tega!" ya watoto wote. Tega kimoja tu: "Nyumba yangu haina mlango." Kisha nyamaza, uhesabu moyoni hadi kumi. Hapa wengi tunashindwa, nami nimo. Kimya kinatutisha, tunajijibu wenyewe.

Hatua ya 2. Mtoto akijibu, usikimbilie "vizuri" au "hapana". Muulize, "Umejuaje?" Akisema kaburi, mwache ajitetee, kaburi nalo lina mlango? Anayefuata aanze kwa kueleza alichosema mwenzake, ndipo atoe lake. Ukiacha mengine yote, hili usiliache, maana mtoto hawezi kurudia asichokisikia.

Hatua ya 3. Wakishindwa, dai mji. Wakikupa Tanga, usiupokee kimyakimya: "Nilikwenda Tanga, wenyeji wakanikaribisha, wakaniuliza nyumba isiyo na mlango ni ipi, nikawaambia ni yai." Wiki ya pili, safari hiyo waisimulie wao.

Hatua ya 4. Kila mtoto alete kitendawili kutoka kwa bibi, babu au jirani. Asikiandike, akibebe kichwani.

Maswali ya walimu na wazazi

*Nina watoto 90 darasani. Nitawasikiliza saa ngapi?*
Huwezi, mwalimu mwenzangu. Wape dakika mbili wanong'onezane kwenye madawati, kisha taja watano. Kila mmoja aseme jibu la jirani yake, si lake. Kesho taja wengine.

*Mwanangu anasema "nimekura chakura". Nimkosoe?*
Usimkatize, mama. Mrudishie neno ndani ya mazungumzo: "Ehe, umekula chakula gani?" Siku nyingine chezeni: ukisema "kula" apeleke mkono mdomoni, ukisema "kura" ainue kidole. Sikio likishazoea tofauti, ulimi hupata pa kushika. Ila kama kila mara anauliza "Ee?" au anaongeza sauti ya redio, apimwe masikio kwanza.

*Nyumbani tunazungumza Kisukuma. Tuache?*
Msiache. Ategewe kwa Kisukuma, shuleni akieleze kwa Kiswahili. Hapo atalazimika kufikiri maana, si kukariri tu.

*Nikimuuliza "Leo mmejifunza nini?" anajibu "Hamna".*
Hata mimi ningejibu hivyo, baba. Muulize nani kachelewa leo, na alimwambia nini mwalimu. Halafu weka simu chini.