Kumtambua kurumbiza na kumvuta bustanini

Wengi humsikia ndege aitwaye kurumbiza muda mrefu kabla ya kumwona. Huimba alfajiri, giza likiwa bado halijaisha, na tena jua likizama, mwenyewe akiwa ndani ya kichaka. Ninayemzungumzia hapa ni yule mwenye nyusi nyeupe, kwa jina la kisayansi Cossypha heuglini, anayepatikana kuanzia Sudani na Ethiopia, kupitia Afrika Mashariki, hadi Afrika Kusini. Makao yake ni vichaka vya kando ya mito na kingo za misitu, lakini bustani yenye kivuli humtosha kabisa.

Hatua ya 1: Msikilize
Wimbo huanza chini, kifungu kimoja cha mluzi kikirudiwa-rudiwa, kila mara kwa nguvu zaidi. Kisha hubadilisha kifungu na kuanza upya. Dume na jike wanaweza kuimba kwa kupokezana, kwa hiyo usishangae ukigundua kwamba sauti uliyodhani ni ya ndege mmoja ni ya wawili. Ukishajua inatoka kichaka gani, kaa kimya kwa mbali na uangalie chini, si juu.

Hatua ya 2: Hakikisha ni yeye
Ana urefu wa sentimita 20 hivi. Kichwa ni cheusi, na juu ya jicho hupita mstari mweupe mpana hadi kisogoni. Kuanzia kooni mpaka chini ya mkia ni rangi ya chungwa iliyokolea. Dume na jike wanafanana. Makinda wana madoadoa.

Ana ndugu wanaochanganya watu. Cossypha natalensis hana nyusi nyeupe, na uso wake wote ni wa rangi ya chungwa. Cossypha caffra, wa nyanda za juu, ana nyusi lakini tumbo lake ni la kijivu. Mgumu zaidi ni Cossypha semirufa: manyoya yake ya katikati ya mkia ni meusi, ilhali ya huyu wetu ni ya kahawia. Hapo darubini inasaidia sana.

Hatua ya 3: Acha majani makavu
Hii ndiyo hatua yenyewe. Kurumbiza hula chini: sisimizi, mchwa, mende, buibui, na matunda madogo laini. Kumwagia nafaka hakutamleta. Chakula chake kimo ndani ya majani yanayooza, na ufagio unaopita kila asubuhi chini ya miti hukiondoa chote. Chagua kona yenye kivuli, ikiwezekana kando ya ua, na usiifagie tena. Rundika humo majani unayofagia kwingineko. Panda vichaka vilivyosongamana, ukichanganya vya kimo tofauti na vinavyozaa matunda madogo, na usivipunguze matawi ya chini, maana hapo ndipo anapokimbilia akishtuka. Uwanja wa nyasi fupi pembeni hauna ubaya. Hutoka kuwinda humo asubuhi na jioni, mradi kichaka kiwe karibu.

Hatua ya 4: Maji
Weka chombo kipana chenye maji ya kina kisichozidi sentimita 5, karibu na kichaka. Tia jiwe la kusimamia. Badilisha maji kila siku, mbu wasizaliane.

Hatua ya 5: Ondoa hatari
Acha dawa za wadudu. Zinaua chakula chake. Paka abaki ndani hasa alfajiri na magharibi. Na tafadhali usimchezee wimbo wake kwenye simu ili ajitokeze. Atadhani mpinzani ameingia eneo lake, na atatumia kumtafuta muda ambao angekuwa analisha makinda.

Akizaa
Kiota chake ni kikombe cha majani makavu na vijiti, mara nyingi juu ya kisiki au kwenye panda ya mti. Ukikiona, usisogee wala usifyeke karibu nacho. Ukimwona baadaye akilisha kinda kubwa kuliko yeye mwenyewe, hilo ni la kekeo mwenye kifua chekundu, ambaye hutaga katika viota vya kurumbiza. Usiliondoe, ni sehemu ya maisha yao.