Namna ya kusoma mifumo endeshi ukaielewa

Wenzangu mlioanza kompyuta hapo SUZA Tunguu au chuo chochote, hili somo la mifumo endeshi, yaani programu kuu zinazoiendesha kompyuta, msilikariri, halikaririki. Kwanza weka Linux, mfumo endeshi mmojawapo, kwenye laptopu, ni bure, na kama hutaki kufuta ulichonacho iendeshe kwa flashi tu, halafu fungua teminali uandike top utizame prosesi, yaani programu zilizo kazini, zinavopishana, ndo somo lenyewe hilo liko mbele yako.

Upangaji wa zamu, yaani prosesi ipi ishike kompyuta lini, ndo penye maksi, kwahiyo chukua karatasi uchore. Tuseme prosesi P1 inataka milisekunde 6, P2 inataka 2, P3 inataka 1, na zote zimefika pamoja. Ukizipanga kama foleni, aliyetangulia amalize kwanza, P3 inakuja kumaliza kwenye 9. Sasa zipe zamu za milisekunde mbilimbili, P1 inakwenda mpaka 2, P2 mpaka 4 imeshamaliza, P3 mpaka 5 nayo basi, kisha P1 inamalizia mpaka 9. Wastani wa kusubiri umeshuka kutoka 4.67 hadi 3! Fanya kwa mkono mpaka uzoee, usinakili majibu ya mtu.

Foki (fork), amri ya prosesi kuzaa prosesi mtoto, iandike mwenyewe kwa lugha ya C, ukiiita mara 3 mfululizo unapata prosesi 8 jumla, sio 4, kwa sababu kila mtoto nae anaendelea kuita zilobaki.

Dedloki (prosesi kukwama zikingojeana) na kurasa za memori (memori iliyokatwa vipande sawasawa) someni wawili baada ya magharibi, mmoja aeleze mwengine abishe, na mkikwama mfateni mwalimu asubuhi yake.