Namna ya kutafuta vitabu vya Kiingereza dukani ukiwa ugenini

Ukiwa katika nchi ambayo lugha yake huisomi, duka la vitabu linaweza kukuvunja moyo dakika ya kwanza tu: ghorofa tatu zimejaa vitabu na hakuna hata jalada moja unaloelewa. Usitoke. Mara nyingi vitabu vya Kiingereza vimo humo humo, ila vimewekwa mahali usipopafikiria. Nimevitafuta kwa miaka mingi, katika safari za kikazi na za matembezi, na hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Ingia ukiwa na salamu na neno moja

Salamu kwanza. Ufaransa ukiingia dukani bila kusema bonjour, unahesabiwa huna adabu, na muuzaji hatajisumbua nawe. Kisha uwe na neno la kibao unachokitafuta. Ujerumani ni Englisch au Fremdsprachige Bücher, yaani vitabu vya lugha za kigeni. Ufaransa ni anglais, au herufi mbili tu, VO, zinazomaanisha kitabu kiko katika lugha kilichoandikwa awali, hakikutafsiriwa. Uholanzi ni Engels, Uturuki ni İngilizce. Japani huitwa yosho, vitabu vya ng'ambo, na kibao chake huandikwa 洋書. Hifadhi picha ya maandishi hayo kwenye simu ili uyatambue kwa mbali au umwonyeshe mhudumu.

Hatua ya 2: Usiishie kwenye duka la watalii

Paris kila mgeni huelekezwa Shakespeare and Company, pale 37 rue de la Bûcherie. Nenda, ni duka la kupendeza. George Whitman alilifungua mwaka 1951, na jina hilo akalipa mwaka 1964 kwa heshima ya duka la Sylvia Beach lililoanza 1919. Lakini mlangoni mara nyingi kuna foleni, na ndani ni vigumu kusimama mbele ya rafu bila kusukumwa. Mimi nikimaliza huko huvuka mto hadi Galignani, rue de Rivoli, ambako vitabu vya Kiingereza vinakaa pamoja na vya Kifaransa na mtu anaweza kusoma kurasa kumi kwa utulivu.

Amsterdam, panga kufika uwanja wa Spui siku ya Ijumaa. American Book Center iko hapo, na siku hiyo wauzaji wa vitabu vya zamani hupanga meza zao uwanjani. Tokyo, duka la Kinokuniya la upande wa kusini wa kituo cha Shinjuku limejaza vitabu vya kigeni kwenye ghorofa ya 6. Kwa vilivyotumika, nenda mtaa wa Jimbocho, na usiende na ratiba ya kukimbizana.

Hatua ya 3: Isome migongo, kisha igeuze

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Kwenye vitabu vya Kiingereza, maandishi ya mgongoni huteremka: yanaanzia juu kwenda chini. Kwenye vitabu vingi vya Kifaransa, Kiitaliano na Kihispania yanapanda. Kwa hiyo kwenye rafu iliyochanganywa ya Paris, ukiinamisha kichwa bega la kulia, vitabu vya Kiingereza vinasomeka na vya Kifaransa vinakuwa kichwa chini. Ukizoea, macho yanavidaka kabla hujasoma neno lolote.

Sasa geuza kitabu uangalie namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, juu ya ile mistari myeusi. Tangu mwaka 2007 ina tarakimu 13. Vya kabla ya hapo vina 10. Ikianza na 978-0 au 978-1, mchapishaji anatoka kundi la nchi za Kiingereza. 978-2 ni kundi la Kifaransa, 978-3 la Kijerumani, 978-4 ni Japani, 978-80 ni Cheki na Slovakia. Angalia vizuri: namba inataja alikosajiliwa mchapishaji, haitaji lugha ya maandishi. Ukikuta kitabu cha Kiingereza chenye 978-80, usikirudishe haraka. Nitaeleza sababu kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 4: Fungua kabla ya kulipa

Niliwahi kununua riwaya iliyofungwa kwa plastiki, nikaenda nayo hadi hotelini nikiwa na furaha. Nilipoifungua nikakuta sura za kurasa nne nne, sentensi fupi fupi, na mazoezi ya msamiati nyuma. Ilikuwa imefupishwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha. Vitabu hivyo vina kazi yake na vinasaidia wengi, lakini mimi nilitaka riwaya kamili. Dalili zake ni neno "level" au alama ya kiwango cha lugha kama B1 kwenye jalada, na wembamba usiolingana na kitabu chenyewe. Kikiwa kimefungwa, omba wakufungulie nakala moja. Wakikataa, kiache.

Hatua ya 5: Tafuta kisichosafiri

Kitabu kinachouzwa kila uwanja wa ndege, ya nini kukibeba kutoka Prague? Kinachostahili nafasi begini ni kile kilichotafsiriwa na kuchapishwa hapo hapo, ambacho ukishaondoka hutakiona tena dukani. Prague, Karolinum, wachapishaji wa Chuo Kikuu cha Charles, wanatoa fasihi ya Kicheki kwa Kiingereza. Hizo ndizo zenye 978-80. Cairo, wachapishaji wa American University wamefanya kazi hiyo kwa fasihi ya Kiarabu kwa miongo mingi.

Hapa ndipo muuzaji anapokuwa na thamani kuliko rafu. Usimuulize "kipi kinauzwa sana?" Muulize: "Ni mwandishi gani wa kwenu ambaye ungependa mgeni amsome?" Nimeona watu waliokuwa wamechoka wakitoka nyuma ya kaunta, wakapanda ngazi na kuniteremshia kitabu ambacho nisingekifikia peke yangu.

Hatua ya 6: Bei na mzigo

Ujerumani vitabu vya Kijerumani vina bei moja kila duka kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002, lakini vya Kiingereza vilivyoagizwa nje kwa kawaida havibanwi nayo. Basi linganisha maduka mawili kabla ya kulipa. Kama kuna toleo la Uingereza na la Marekani la kitabu kimoja, shika yote mawili mkononi. Bei, ukubwa wa herufi na uzito hutofautiana.

Begini, vitabu vikae upande wa magurudumu, vilale bapa, kila kimoja ndani ya fulana, na kona zisiguse ukuta wa begi. Vya zamani vyenye gundi iliyokauka nasafiri navyo mkononi.