Minthara wa Baldur's Gate 3: jinsi ya kumpata bila kuangamiza Emerald Grove

Elfi wa giza wengi kwenye gemu za njozi huwekwa ili wauawe. Anatokea mwenye ngozi ya kijivu na nywele nyeupe, anatoa vitisho viwili vitatu, kisha mchezaji anamuua, anapora silaha yake na kusonga mbele. Minthara Baenre huishia hivyo mikononi mwa wachezaji wengi, kwa sababu unakutana naye mapema akiwa adui, na gemu haikudokezi kwamba ukimwacha hai anaweza kurudi akiwa mwenzako. Hapo ndipo utamu wake unapopotea. Ubaya wake una historia, na historia hiyo huisikii mpaka afike kambini kwako.

Larian Studios walipotoa gemu hii Agosti 2023, njia waliyoikusudia ya kumpata ilikuwa kumsaidia kuvamia Emerald Grove, makao ya wadruidi na wakimbizi, na kuwaua waliomo. Patch 5, sasisho la gemu lililotoka tarehe 30 Novemba 2023, ikaruhusu njia ya pili: umpige hadi azimie katika Act 1 (sehemu ya kwanza ya hadithi), kisha umwokoe Moonrise Towers, ngome ya maadui, katika Act 2. Mwongozo huu unafuata njia hiyo ya pili. Kama gemu yako haijasasishwa tangu kabla ya hapo, isasishe kwanza.

Njia ya uvamizi si haramu, na anayecheza mhusika mwovu ataona tukio zito ambalo wengine hawalioni. Lakini gharama yake ni kubwa kuliko faida. Wyll na Karlach wataondoka, mdruidi Halsin utamkosa, na wakimbizi wa kitiefling (jamii yenye pembe na mkia) watakufa, Dammon mhunzi akiwemo. Kila kazi ambayo watu hao wangekupa katika Act 2 na Act 3 inafutika pamoja nao. Unabadilisha wenzako watatu kwa mmoja, na huyo mmoja unaweza kumpata bila kulipa chochote kati ya hivyo.

Kabla ya kumgusa

Minthara yuko ndani ya Shattered Sanctum, hekalu bovu lililo ndani ya Goblin Camp. Kuingia si lazima upigane. Ukicheza drow (elfi wa giza), hasa Lolth-Sworn (mfuasi wa mungu wa kike Lolth), goblini wanakuheshimu na kukupisha. Mhusika wa kabila lingine anaweza kutumia Disguise Self kujigeuza sura ya drow na akapata mazungumzo hayohayo. Wengine wote watategemea kete za kushawishi, kutisha au kudanganya langoni.

Nenda ukiwa level 4 ikiwezekana. Level 3 inatosha kwa mchezaji makini, lakini level 4 inampa kila mtu feat (uwezo wa ziada), na tofauti hiyo inaonekana.

Viongozi wa kambi ni watatu: Priestess Gut, Dror Ragzlin na Minthara. Ili Halsin aridhike na wakimbizi wapone, wote watatu lazima waondolewe. Anza na Gut. Mkubalie akupeleke faraghani kwenye chumba chake, mmalize humo, na wengi ukumbini hawatajua kilichotokea. Huyo muue kabisa, hana cha kukusaidia baadaye. Ragzlin mwachie mwisho, maana ukumbi wake umejaa watu.

Ukizungumza na Minthara, usimwambie Emerald Grove iko wapi. Ukimwambia, anaondoka na jeshi lake kwenda kuvamia, na utalazimika kupambana naye langoni kwa wakimbizi huku mishale ikiruka kila upande. Hali hiyo ndiyo mbaya kuliko zote kwa mtu anayetaka kumwacha hai adui mmoja tu.

Sevu gemu kabla ya kuingia chumbani kwake, na iwe sevu mpya, usifute ya zamani.

Kumzimisha

Kila mhusika ana kitufe kinachoitwa Non-Lethal Attacks kwenye upau wa chini, sehemu ya Passives. Kinawashwa kwa mhusika mmoja mmoja, kwa hiyo kiwashe kwa wote wanne. Watu wengi hukwama hapa: wanakiwasha kwa mhusika wao mkuu tu, kisha Lae'zel, mwenzao mpiganaji, anapata pigo la bure Minthara anapomkimbia, na upanga wake unamaliza kila kitu.

Kitufe hiki kinafanya kazi kwa mapigo ya karibu tu, yawe ya silaha ya mkononi au ngumi. Mishale haihusiki. Uchawi hauhusiki, hata ule mdogo kabisa. Fire Bolt iliyompata akiwa amebakiwa na pointi tatu za uhai itamuua kama kawaida, na hakuna onyo litakalotokea kwenye skrini. Kanuni ni rahisi: mpunguze kwa chochote unachotaka hadi abaki na robo ya uhai, kisha wapiga mishale na wachawi wote wageukie goblini wengine na kumwachia mpiganaji wa karibu.

Sleep usiipoteze kwake. Drow ni elfi, na elfi hawalazwi na uchawi. Wachezaji wapya huona uchawi wa level 1 unaolaza watu, wanafikiri wamepata njia ya mkato, zamu inapita bure.

Kinachofaa ni Hold Person. Ni uchawi wa level 2, kwa hiyo unapatikana kuanzia level 3 ya mhusika, na mwenzako Shadowheart akiwa Cleric (kasisi) anaweza kuuandaa. Ukimshika, kila pigo la karibu linalompata linakuwa critical (kete za madhara zinaongezwa maradufu), na mara nyingi zamu moja ya wapiganaji wawili inatosha. Ana nafasi ya kujinasua kila zamu, na aliyeurusha akipigwa anaweza kupoteza concentration (umakini unaoushikilia uchawi), hivyo Shadowheart mweke nyuma ya nguzo au mlango baada ya kuurusha. Ukikosa Hold Person, Command ya level 1 nayo ina msaada: mwamuru aangushe silaha, kisha mtu wa karibu aiokote kabla hajaifikia tena. Bila rungu lake hatishi sana.

Karibu na chumba hicho pana shimo refu. Usimsukume kuelekea huko, na usitumie kabisa Thunderwave, uchawi unaosukuma watu, kwenye pambano hili. Aliyeanguka shimoni amekufa, kitufe kiwe kimewashwa au la. Tazama pia goblini anayekimbilia ngoma ya vita. Akiipiga, kambi nzima inakuja, na katikati ya umati hakuna pigo unaloweza kulipanga. Huyo auawe kwanza, kabla hata ya kumgusa Minthara. Aliye makini zaidi ataivunja ngoma mapema, kabla ya ugomvi kuanza, wasipomwona.

Akizimia anabaki chini na pointi moja ya uhai. Hapo ndipo hatari ndogondogo zinapoua: moto unaowaka sakafuni, asidi, wingu la sumu, bomu la goblini aliyebaki. Kama kuna moto karibu naye, hamishia pambano kwingine na usirushe uchawi wowote wa eneo. Viumbe ulioita pia waweke mbali naye, maana pigo la mwisho si la kumwachia kiumbe usiyeweza kumwashia kitufe hicho.

Mambo yakishatulia unaweza kumvua vifaa. Xyanyde, rungu lake, na Spidersilk Armour ni vitu vizuri kwa hatua hiyo ya gemu. Vazi hilo linamfaa sana mchawi anayeweza kuvaa light armour, kwa kuwa linamsaidia kushikilia concentration anapopigwa. Kumvua hakumzuii kurudi.

Halafu zima Non-Lethal Attacks kwa wote kabla ya kumfuata Ragzlin. Huyo anatakiwa afe, na kitufe kikibaki kimewashwa utajikuta unazimisha goblini badala ya kuwaua. Mwisho wa yote fungua Journal na uhakikishe kazi ya viongozi watatu imeandikwa kuwa imekamilika. Ikiwa haijakamilika, rudi kwenye sevu yako sasa hivi, si baada ya saa kumi za kucheza.

Moonrise Towers

Katika Act 2 kosa kubwa ni la ratiba. Minthara lazima aokolewe kabla hujaamua hatima ya Nightsong, mfungwa aliye ndani ya hekalu la Gauntlet of Shar. Uamuzi huo unasukuma hadithi mbele hadi vita vya Moonrise, na ukirudi baada yake umemkosa. Kwa hiyo ukishapata kinga dhidi ya laana ya kivuli iliyotanda eneo hilo, nenda Moonrise kwanza. Kinga kamili ni taa ya Moonlantern, ambayo iko kwa Kar'niss, drider anayeongoza msafara wa goblini. Drider ni drow aliyelaaniwa na Lolth akageuzwa nusu buibui, na mazungumzo yake yanafaa kusikilizwa kabla hujamvamia.

Ingia Moonrise kwa amani. Mdudu aliye kichwani mwako anakufanya uonekane True Soul, yaani mteule wa Absolute, mungu anayeabudiwa na maadui hao, na hiyo inatosha. Ukumbini utamkuta Ketheric Thorm, mkuu wa Moonrise, akimhukumu Minthara kwa kushindwa kwake. Usianzishe vita hapo. Atapelekwa gerezani chini ili akili yake ifutwe, nawe mfuate.

Gerezani kuna wafungwa wengine pia, gnome na tiefling, na kuwatorosha ni kazi tofauti kabisa. Usichanganye kazi hizo mbili kwa safari moja, maana king'ora kikilia unaweza kuharibu zote. Sevu, kisha ingia chumba wanachomhojia. Unaweza kuwakabili wahoji kwa maneno au kwa silaha. Ukichagua maneno, mpe nafasi mwenye Charisma kubwa ndiye azungumze, na weka Guidance juu yake kwanza, inaongeza 1d4 (kete ya pande nne) kwenye kete. Akishafunguliwa, mtoe nje ya jengo bila kuzurura wala kupora makabati njiani.

Kambini

Sasa msikilize. Minthara hakuanza kama mfuasi wa Absolute. Ni mtoto wa ukoo wa Baenre wa Menzoberranzan, aliyeangukia mikononi mwa Orin, mmoja wa viongozi walio nyuma ya Absolute, na ukatili aliokuwa akiufanya Goblin Camp aliufanya akili yake ikiwa imetawaliwa. Hilo halimfanyi awe mtu mwema. Bado anapenda madaraka na hana huruma na wanyonge. Sauti yake, ya Emma Gregory, inabeba ghadhabu na aibu kwa pamoja bila kuomba radhi, na hapo anawaacha mbali wabaya wengi wa gemu hii.

Kivita ni Paladin wa Oath of Vengeance, na hahitaji kubadilishwa sana. Mpe silaha ya mikono miwili na mtumie Vow of Enmity kwa adui mkubwa wa pambano. Akifika level 5 anapata Extra Attack na Hold Person yake mwenyewe, na Divine Smite juu ya adui aliyeshikwa inaumiza mno, kwa kuwa critical huongeza kete za Smite nazo. Level 6 inaleta Aura of Protection, kwa hiyo asikae mbali na wenzake. Mpangilio wake usipokupendeza, Withers, mzee mfu aliye kambini kwako, anaubadilisha kwa dhahabu 100.

Katika Act 3, Orin humteka mmoja wa wenzako waliobaki kambini, na Minthara ni miongoni mwa wanaoweza kutekwa. Mweke kwenye kundi unalotembea nalo tangu unapoikaribia Lower City (sehemu ya mji wa Baldur's Gate), hasa unapokwenda Long Rest (kulala kambini), mpaka Orin awe amejionyesha na kumchukua mtu mwingine. Baada ya hapo unaweza kumpumzisha kambini.