Mota ya boti ya rimoti imegoma? Usikimbilie kununua nyingine

Mjomba mmoja alinijia mezani pangu Mwanjelwa, Mbeya, na kiroba mkononi. Katoka nacho Matema, ufukweni Ziwa Nyasa. Nyuma yake kasimama mpwa wake wa kama miaka 10, macho mekundu kwa kulia. Ndani ya kiroba mlikuwa na boti ya rimoti yenye mota mbili, na mchele. Mchele wenyewe wa Kyela, umejaa mpaka juu ya deki.

"Fundi, mota ya kulia imekufa. Tumeshaikausha. Wewe niwekee mpya tu."

Mchele wa Kyela ni wa kula. Haukaushi mota, na punje nilizozichokonoa kwenye shafti zilikuwa zimeshaanza kugeuka uji. Ila kuhusu mota, mjomba alikuwa sahihi: ilikuwa imekufa kweli. Alichokosea ni kudhani kazi inaishia hapo. Ningemwekea mpya kama alivyotaka, nayo ingeungua mchana uleule, maana kilichoiua ya kwanza kilikuwa bado kimekaa ndani ya boti kinasubiri.

Kwa hiyo tunaanza na vipimo visivyo na gharama, mota yenyewe tunaifikia baadaye. Andaa mita ya umeme, bisibisi ndogo za nyota na bapa, wembe, spiriti, kijiti cha meno, pasi ya kulehemu, betri moja ya 18650, yaani ile ya lithiamu ya duara (mimi nazitoa kwenye pawabenki zilizokufa, mara nyingi moja mbili huwa bado nzima) na beseni la maji.

Hatua ya 1: Iweke kwenye maji

Nilipokuwa bado mgeni wa boti hizi, niliwahi kuvunja moja nzima kwa kutojua hili. Mteja aliniambia propela hazizunguki. Nikaiwasha juu ya meza, kweli hazizunguki. Nikatoa mota zote mbili, nikazipima, nzima. Nikahamia kwenye bodi ya saketi, nikabadilisha mosfeti mbili, yaani swichi zinazoipa mota umeme, bado. Siku ya tatu mwenyewe akaja, akanitazama, akaichukua boti akaitumbukiza kwenye ndoo ya mama ntilie wa jirani. Ikanguruma. Hela sikudai.

Boti nyingi za watoto zina vipande viwili vidogo vya chuma chini ya tumbo. Maji yakivigusa vyote viwili, mkondo mdogo unapita kati yake, bodi inajua boti iko majini, ndipo inaruhusu mota. Nchi kavu inakataa kwa makusudi, isije ikakata vidole vya mtoto. Vikishika kutu au matope, boti itagoma hata katikati ya ziwa. Visugue kwa kifutio cha penseli. Ukiwa huna beseni, lowesha kidole uvikandamize vyote viwili, mkono mwingine ukae mbali na propela.

Hapohapo maliza habari ya rimoti: betri mpya, washa rimoti kwanza halafu boti, na kifyatulio kiwe kimeachiwa kabisa. Nyingi hazikubali kuungana kama umekibonyeza.

Hatua ya 2: Pima betri ikiwa kazini

Betri ya V7.4 ikijaa inasoma V8.4. Wengi hupima hapo, wakiona 8.2 wanafurahi na kuilaumu mota. Pima huku mtu mwingine akibonyeza kifyatulio. Ile ya mjomba ilisoma 8.1, ikashuka hadi 7.5 na kukaa. Hiyo ni nzima. Ikishuka ghafla hadi 5 au 4, betri ndiyo mgonjwa wako, na bodi inakata umeme wa mota kujilinda.

Kwa sisi wa huku juu kuna jambo la ziada. Asubuhi za Juni na Julai, hasa pande za Uyole, betri iliyolala kwenye baridi inachoka mapema hata kama ni mpya. Iweke mfukoni mwa koti nusu saa kabla hujaitumia. Iliyovimba kama andazi usiichaji tena, hata kama inashika moto wa kutosha safari moja.

Hatua ya 3: Zungusha propela kwa vidole

Toa betri kwanza. Halafu zungusha propela taratibu, ya kushoto na ya kulia, ulinganishe. Ukiwa na boti ya mota mbili una bahati, kwa sababu mota nzima ndiyo kipimo cha mbovu.

Ya kushoto ilizunguka, nikahisi migoto midogo ya sumaku, tk, tk, tk, kama inavyotakiwa. Ya kulia iligoma. Nikachukua kioo cha kukuzia. Kati ya propela na mhimili wake palikuwa na kitu cheusi kama oringi, ile pete ya mpira. Nikadhani kweli ni oringi mpaka nilipokigusa kwa ncha ya wembe kikachomoka uzi. Uzi wa nyavu, umejisokota mara nyingi ukabanwa mpaka ukayeyuka na kushikana. Matema nyavu zinaanikwa ufukweni, na vipande vyake vinaelea pale watoto wanapochezea.

Fanya hesabu uone uzi ule ulifanya nini. Mota hiyo ina upinzani wa kama omu 0.8. Ikizunguka, yenyewe inazalisha volti za kupingana na betri, kwa hiyo mkondo unabaki mdogo. Ikikwama, zile volti za kupinga zinatoweka. Kinachobaki ni V7.4 kugawanya kwa 0.8, yaani zaidi ya ampea 9, na nguvu yote hiyo, karibu wati 68, inageuka joto. Pasi yangu ya kulehemu ina wati 60. Sasa fikiria pasi imewashwa ndani ya kitu cha ukubwa wa kidole gumba huku mtoto amekazana na kifyatulio, "mbona haiendi?"

Kata uzi kwa wembe ukielekeza makali nje ya shafti. Chomoa shafti, ifute, pakaza grisi ya beringi upya. Maduka ya vipuri vya bodaboda wanayo. Grisi hiyo ndiyo pia inayozuia maji kupanda kupitia bomba la shafti, kwa hiyo usiibanie. Kama propela inazunguka laini kwa vidole lakini mota ikilia propela haiendi, kagua kiungio kati ya mota na shafti. Skrubu yake hulegea.

Hatua ya 4: Badilishana nyaya

Nilipotoa uzi, shafti ikawa huru, lakini mota bado kimya. Sasa swali ni mota au bodi? Usilijibu kwa kubahatisha. Fumua nyaya za mota mbili, ya kushoto uiunge kwenye njia ya kulia na ya kulia kwenye njia ya kushoto. Mota ileile ikiendelea kugoma, kosa liko kwenye mota. Ikianza kuzunguka na mwenzake akagoma, kosa liko kwenye bodi, na aghalabu ni mosfeti iliyoungua. Piga picha ya nyaya kabla hujafumua, maana boti za namna hii propela zake huzunguka kwa kupishana, na ukigeuza chanya na hasi itakuwa inarudi nyuma upande mmoja.

Kabla ya pasi, kunja kila waya karibu na pale ulipolehemiwa. Mtikisiko hukata waya ndani ya ganda, kwa nje unauona mzima.

Boti ya mota moja? Weka mita kwenye volti, pima miguu ya mota huku kifyatulio kimebonyezwa. Kukiwa na volti na mota kimya, mota. Kukiwa na sifuri wakati betri inafika kwenye bodi, bodi.

Hatua ya 5: Mota peke yake mezani

Iunge moja kwa moja na ile 18650, sekunde mbili tu. Ikizunguka vizuri, irudishe na ukatafute kwingine. Ikikaa kimya, mita kwenye omu. Gusanisha kwanza ncha za mita zenyewe uone zinasoma ngapi, mara nyingi 0.2 au 0.3, utoe hiyo. Kisha pima miguu miwili ya mota huku ukizungusha shafti polepole sana.

Mota nzima inasoma karibu namba moja mzunguko wote. Ile ya kulia ilisoma 0.9, 0.8, halafu ikaruka kabisa kama waya umekatwa, halafu 0.9 tena. Mota yenye sehemu mfu namna hiyo ndiyo ile ambayo watu husema "ukiisukuma kidogo inawaka."

Pima pia kati ya kila mguu na ganda la chuma. Pasiwe na mawasiliano. Yakiwepo, fumua kwanza zile kapasita ndogo zilizolehemiwa kwenye ganda (zimeandikwa 104) upime tena. Shoti ikiondoka nazo, umeokoa mota. Weka kapasita nyingine, usiziache, zinazuia kelele za mota zisichanganye rimoti.

Hatua ya 6: Kuifungua, kama inafaa

Mota iliyoloa tu, bila kuungua, huokolewa. Mwagia spiriti ndani, kung'uta, acha ikauke, kisha iendeshe kwa betri moja ya V1.5 dakika moja. Tone moja la mafuta kwenye kila beringi, lisifike kwenye komuteta, yaani kile kitumba cha shaba kilichokatwa vipande ambacho kaboni zinasugua. Mafuta yakichanganyika na unga wa kaboni yanatengeneza tope linalopitisha umeme pasipotakiwa.

Ikiwa na sehemu mfu, inua vile vikucha viwili vya ganda kwa bisibisi bapa, vuta kifuniko taratibu, na uangalie washa ndogo (zile pete) kwenye shafti zilivyopangana. Uchafu mweusi kati ya vipande vya shaba, toa kwa kijiti cha meno. Shaba iwe safi, isiwe na mashimo. Niliyoikuta mimi ilikuwa na harufu ya vanishi iliyoungua, kipande kimoja cha shaba kimenyanyuka, na plastiki inayoshika kaboni imelainika ikapinda. Hapo hakuna cha kusafisha. Nikamwonyesha mjomba, akanusa, akatikisa kichwa.

Hatua ya 7: Kuweka nyingine

Peleka kipimo dukani, jina la boti halitakusaidia. Mota ya aina ya 380 ina kipenyo cha milimita 27.7 na shafti ya 2.3, ya 370 ni milimita 24.4 na shafti ya 2. Ya 540 ni karibu 36 na shafti ya 3.17. Kisha volti. Mota za printa zimejaa kwa mafundi na zinalingana umbo, ila nyingi ni za V24, kwenye V7.4 boti itatambaa kama konokono.

Angalia skrubu za kuishikia. Zikiwa ndefu kuliko za mwanzo zinaingia ndani na kukwaruza nyaya za rota, ile sehemu inayozunguka ndani, mota mpya inakufa ukiwa unaikaza. Halafu hakikisha shafti na mota vimenyooka; zungusha tena kwa vidole kabla hujaunga umeme.

Mota yako ikiwa na nyaya 3 badala ya 2, ni ya aina isiyo na kaboni, na vipimo vya kaboni havikuhusu. Pima omu kati ya kila jozi ya nyaya, zote tatu zifanane. Ikitetemeka bila kuzunguka, waya mmoja kati ya hizo tatu haujashika. Puliza pia vile vibomba vya silikoni vya maji ya kupoza. Punje moja ya mchanga inatosha kuviziba.

Jaribio la mwisho

Ishike boti ndani ya beseni, kifyatulio nusu, sekunde 10. Gusa mota. Rudia mara tatu. Kidole kikiweza kukaa juu yake sekunde 5 bila kuruka, iko sawa. Ikiwa ya moto kiasi cha kidole kuruka, kuna kitu bado kinaikaba, au mtu alishabadilisha propela akaweka kubwa.

Mjomba alilipa, akasema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akachukua kiroba chake. Mchele nilimrudishia, sijui walipika. Dogo nilimpa ushauri mmoja: siku ya kwanza ziwani afunge kamba ndefu ya katani kwenye boti, ikigoma aivute badala ya kuogelea kuifuata.

"Naifunga wapi, fundi?"

Puani. Nyuma, kamba itaenda kukaa palepale ulipokuwa ule uzi.