Biskuti za mdalasini zenye sukari kidogo, hata kama huna oveni

Mi biskuti nazipenda kupita kiasi, shida ile resipi niliyokuwa natumia zamani inataka kikombe kizima cha sukari na siagi pakiti nzima ya gramu 250, na nikizioka hazimalizi siku mbili ndani, sasa ukipiga hesabu unaona kabisa hapa tunalamba sukari tu. Nikaanza kupunguza. Mara ya kwanza kiherehere changu nikatoa sukari yote, zikatoka kama vipande vya chapati ya juzi, watoto wakazichovya kwenye chai kwa kunionea huruma. Kwahiyo sukari usiitoe yote, ndo inayoipa biskuti rangi na ule ukavu wa pembeni, we punguza afu utamu uliobaki waachie tende na mdalasini.

Andaa unga wa atta vikombe 2, siagi gramu 80 (theluthi hivi ya ile pakiti), sukari ya brauni vijiko 3 vikubwa, tende laini 10, yai 1, mdalasini wa unga vijiko 2 vya chai, bekingi pauda nusu kijiko cha chai na chumvi kiduchu. Iliki ukitaka weka, mi siweki, inaufunika mdalasini.

Na huo mdalasini jamani, achana na kile kikopo kilichokaa kabatini tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Nunua vijiti, vipashe dakika moja kwenye kikaango kikavu mpaka harufu ijae jikoni, visage uchekeche. Ukikuta kijiti chenye maganda membamba mengi yamejikunja ndani kwa ndani kama sigara, chukua huo, ni laini na una utamu wake. Ule wa ganda moja nene gumu kama ubao ni mkali zaidi na blenda yako itakulaani, ila ukiwa ndo uliopo si mbaya, punguza kidogo tu.

Tende toa kokwa, loweka kwenye robo kikombe cha maji ya moto kama dakika 10, zipondeponde na uma humo humo na maji yake mpaka ziwe uji mzito. Pembeni piga siagi na sukari kwa mwiko hadi zilainike, tia yai, tia tende. Unga chekecha pamoja na mdalasini, bekingi pauda na chumvi, pumba zikibaki kwenye chekecheo zirudishe, ndo maana tumenunua atta. Changanya mpaka unga mkavu usionekane basi, usikande, hii sio chapati, ukikanda zinakuwa ngumu.

Utaona inanata. Hapo ndo wengi tunaharibu, tunaongeza unga. Usiongeze! Weka kwenye friji nusu saa, atta inakunywa maji taratibu, ukirudi unakuta imekaza yenyewe.

Fanya viduara ukubwa wa kiini cha yai, zinatoka kama 25, panga kwenye trei uliyopaka mafuta kidogo, afu bonyeza kila moja na uma mpaka iwe bapa, maana mafuta na sukari ni kidogo hazitambai zenyewe, ulivyoiweka ndivyo itakavyotoka. Oveni nyuzi 180, dakika 12 hivi. Atta ni ya kahawia toka mwanzo kwahiyo rangi ya juu inadanganya, inua moja uangalie chini, ikiwa imeshika rangi toa hata kama katikati bado laini, zitakaza zikipoa.

Huna oveni? Chukua sufuria kubwa nzito, mwaga mchanga mkavu kimo cha inchi moja, funika, pasha kwenye jiko la mkaa robo saa. Weka sahani ya bati yenye biskuti juu ya mchanga, rudisha mfuniko na upalie makaa juu. Moto wa chini upunguze, makaa mengi yawe juu, la sivyo utakula biskuti nyeusi chini mbichi juu. Hapa ni dakika 15 mpaka 20 na usifunue funue.

Zikipoa kabisa ndo uzitie kwenye kopo. Kesho yake zinalainika kidogo sababu ya tende, mi nazipenda hivyo, we ukitaka zikauke zirudishe kwenye moto dakika 5.